Mcheza Kwao Hutunzwa na Nani? Jaji, Sanaa na Jina la Mchezaji

Swali lililozaa makala hii niliulizwa Nkunga, chini ya mlima Rungwe, na mama mmoja mtu mzima aliyekuwa bado hajavua njuga miguuni. Nilikuwa nimealikwa kuwa mmoja wa majaji watatu wa mashindano ya ngoma za akina mama. Vikundi vilikuwa sita. Kila jaji alipewa karatasi yenye safu tano: ustadi wa hatua alama 30, sauti na ala alama 20, mavazi 20, ujumbe 20, nidhamu uwanjani 10. Kikundi cha kwanza kilikuwa cha wenyeji wa palepale, wanawake wa migombani na mashamba ya chai, wasio na sare wala kipaza sauti. Cha mwisho kilitoka mjini. Kilikuwa kikundi chenye jina, kilichozoea kutumbuiza kwenye mapokezi ya viongozi, na kilipoingia uwanjani hata meza kuu iliinua vichwa.

Kikundi chenye jina kilishinda. Zawadi ilikuwa vyerehani viwili. Karatasi za alama zilibandikwa kwenye ubao wa matangazo, jambo ambalo kwa kweli si la kawaida katika nchi yetu, na yule mama alizisoma zote kwa kidole kabla ya kunifuata.

“Shikamoo, mama,” nilimsalimu.

“Marahaba, mwalimu. Nina swali dogo. Hapa kwenye hatua umetupa 21. Wale wa mjini umewapa 27. Wale walipotezana miguu mara mbili, na uwanja wote uliona. Sisi hatukupotezana. Naomba unifundishe: hizo sita uliziona wapi?”

Nilimwambia kwamba wenzao walikuwa na mvuto, kwamba sanaa si hatua peke yake. Alinisikiliza kwa adabu mpaka mwisho. Kisha akasema, “Ndaga, mwalimu,” akaenda zake. Nilibaki nimesimama mbele ya ubao ule nikijua kwamba sijamjibu. Nilikuwa nimezungumzia mvuto, naye aliniuliza habari za hatua. Alama sita zile sikuziona uwanjani. Nilikuja nazo, zikiwa tayari zimo kichwani mwangu, tangu niliposikia jina la kikundi.

Tangu siku ile nimekuwa nikisoma historia ya watu waliopewa kazi ya kugeuza uzuri kuwa namba. Nimegundua kwamba swali la mama wa Nkunga ni la zamani kuliko karatasi yangu, na kwamba limewasumbua watu wa mbali sana na Rungwe. Naomba msomaji anivumilie, kwa maana safari yenyewe itatutoa kwenye vumbi la uwanja wa ngoma hadi kwenye barafu, kisha itaturudisha ofisini kwetu.

Tuanzie nyumbani. Kabla ya karatasi ya alama, jaji wa ngoma alikuwa uwanja wenyewe. Monica Wilson na mumewe Godfrey, walioishi miongoni mwa Wanyakyusa katika miaka ya 1930, wameacha maandishi yanayoonyesha jinsi jamii hii ilivyoyathamini maoni ya majirani. Katika kitabu chake cha mwaka 1951 kuhusu vijiji vya marika, Monica Wilson alieleza imani ya pumzi ya watu: kwamba manung'uniko ya majirani dhidi ya mtu aliyekosa yanaweza kumshukia kama baridi na kumletea maradhi. Jamii yenye imani ya namna hiyo haihitaji kuambiwa kwamba jina la mtu lina uzito. Ilijua kwamba sifa na lawama ni nguvu, na kwamba nguvu hiyo inatoka vinywani mwa watu wanaojulikana.

Huko Usukumani ushindani ulipangwa waziwazi zaidi. Vyama viwili vya ngoma, Bagika na Bagalu, vinavyohusishwa na waganga wawili wapinzani, Ngika na Gumha, vilishindana kwa kucheza wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja. Mshindi alikuwa yule aliyevuta watu wengi zaidi. Hapakuwa na safu ya mavazi wala safu ya ujumbe. Mtazamaji alipiga kura kwa miguu yake. Ndiyo maana wachezaji walitafuta dawa za kuvuta watu: walifahamu kwamba kinachopimwa ni mvuto, na hawakuona sababu ya kujifanya kwamba kinapimwa kingine.

Katika pwani, mashindano ya beni yaliyoenea kabla na baada ya Vita ya Kwanza ya Dunia yaliongeza jambo jingine: tabaka. Terence Ranger, katika utafiti wake alioutoa kwa kitabu mwaka 1975, anaonyesha jinsi Marini na Arinoti walivyoshindana kwa gwaride, sare na vyeo vya kubuni, na jinsi Marini walivyojihesabu kuwa watu wa hadhi ya juu kuliko wenzao. Mpanda farasi wa kubuni na admirali wa kubuni walipopita, mtazamaji hakutazama mguu tu. Alitazama ni nani anayeinua mguu huo. Wanawake wa Mombasa nao walikuwa na vyama vyao vya lelemama, kama Ibinaal Watan na Banu Saada, ambavyo ushindani wake ulikuwa pia ushindani wa mavazi, karamu na heshima ya familia.

Na katika taarabu kuna namna ya kuhukumu inayoendelea mpaka leo, nayo ni tuzo. Anayeguswa na wimbo huinuka, hucheza taratibu mpaka mbele, humpa mwimbaji noti yake hadharani, kisha hurudi kitini. Wakati Muungano na TOT walipokuwa wakigombania mashabiki wa Dar es Salaam katika miaka ya 1990, huku sauti za Khadija Kopa na Nasma Khamis zikigawa mitaa, hapakuwa na meza ya majaji iliyoweza kutangaza mshindi na kuaminiwa. Hukumu ilitolewa na mkono wenye noti, na mkono huo ulionekana na wote.

Sitaki kuipamba zamani hiyo. Uwanja ulikuwa jaji mkali na mara nyingi jaji dhalimu. Mfano ulio wazi kuliko yote ni wa Siti binti Saad, aliyezaliwa Fumba, Unguja, mwaka 1880, mtoto wa familia ya wafinyanzi, aliyekwenda mjini na kuwa sauti iliyorekodiwa Bombay mwaka 1928. Wapinzani wake waliposhindwa kuipata kasoro sauti yake, waliigeukia asili yake. Walimwimba kwa kejeli kuwa ni mtu wa shamba, aliyeingia mjini na kaniki. Waliitumia habari ya alikotoka ili kumshushia alama kwa alichokifanya. Siti aliwajibu kwa wimbo, na historia imempa haki yake. Lakini wangapi hawakuwa na sauti ya kujibu kwa kiasi hicho?

Kwa hiyo ilieleweka kwamba nchi huru ingetaka kitu bora zaidi. Tarehe 10 Desemba 1962, katika hotuba yake ya kuzindua Jamhuri, Mwalimu Nyerere alitangaza kuundwa kwa wizara ya utamaduni wa taifa na vijana, akiwasuta wasomi waliojua kucheza rumba na waltz huku wengi wao hawajawahi hata kusikia ngoma kama gombe sugu au lelemama. Kikafuata Kikundi cha Taifa cha ngoma, yakafuata mashindano ya mikoa na ya shule, na baadaye Baraza la Sanaa la Taifa chini ya sheria ya mwaka 1984. Mpaka leo watoto wetu wa UMITASHUMTA na UMISSETA hushindana kwa ngoma na kwaya kama wanavyoshindana kwa mpira. Tukuyu yenyewe katika miaka ya karibuni imejulikana kwa tamasha kubwa la ngoma za jadi linaloandaliwa na Tulia Trust.

Mambo mengi mema yalitokana na hatua hiyo. Ngoma iliyodharauliwa na baadhi ya wamisionari na wakoloni ilipewa kiti cha heshima. Lakini pamoja na kiti ilikuja karatasi. Ngoma iliyokuwa ikikesha mpaka alfajiri ilipewa dakika kumi. Duara lililomzunguka mchezaji lilikatwa, akageuzwa kuitazama meza kuu. Na hukumu ikahama kutoka kwa watu wengi wanaoonekana kwenda kwa watu watatu wanaoinamia karatasi. Tuliamini kwamba namba zitaiondoa fitina ya uwanja. Hatukujiuliza kama jaji, anapokaa, huliacha jina la mchezaji nje ya uwanja.

Hapa ndipo ninapoomba ruhusa ya kwenda kwenye barafu. Msomaji ataniuliza: Nkunga na barafu wapi na wapi? Nkunga kuna baridi, kuna ukungu, lakini hakuna mtu aliyewahi kutuzwa kwa kuteleza. Jibu langu ni kwamba katika mashindano ya kimataifa ya wanawake ya kuteleza kisanaa kwenye barafu kuna zaidi ya karne moja ya majaribio ya kufanya jambo lilelile tunalolifanya sisi: kumpa mwanamke anayecheza ngoma yake alama mbili, ya ustadi na ya sanaa, kisha kuapa kwamba jina lake halikuhesabiwa. Majaribio hayo yameandikwa, pamoja na makosa yake. Sisi makosa yetu hatuyaandiki.

Mchezo huo ulianza na kosa kubwa. Mwaka 1902 Mwingereza Madge Syers aliingia katika mashindano ya dunia kwa kuwa kanuni hazikuwa zimesema kwamba mshindani lazima awe mwanamume. Akashika nafasi ya pili, nyuma ya Ulrich Salchow wa Sweden. Badala ya kumpongeza, wakubwa wa mchezo waliwafungia wanawake mlango. Miongoni mwa hoja zilizotolewa ni kwamba sketi ndefu iliwazuia majaji kuona miguu, na kwamba jaji angeweza kuwa na mapenzi na mshindani. Tazama hoja hiyo ya pili: udhaifu ni wa jaji, adhabu ni ya mchezaji. Mashindano ya wanawake peke yao yalianza mwaka 1906, na Syers ndiye aliyeyashinda. Mwaka 1908 alitwaa pia dhahabu ya Olimpiki huko London.

Mwaka 1927 mashindano ya dunia ya wanawake yalifanyika Oslo. Msichana wa palepale, Sonja Henie, alimshinda bingwa wa Austria Herma Szabo. Majaji walikuwa watano. Watatu kati yao walikuwa Wanorwe, na wote watatu walimweka Henie wa kwanza. Mwaustria na Mjerumani walimweka Szabo. Mcheza kwao hutunzwa, lakini methali yetu inamzungumzia mtunzaji anayeinuka na kutembea na noti yake mbele za watu, na watu wakajua kwamba ni mjomba wa mchezaji. Pale Oslo ujomba ulivaa sura ya namba. Malalamiko yakawa makubwa, ikawekwa kanuni kwamba nchi isitoe zaidi ya jaji mmoja katika shindano. Henie aliendelea kuwa bingwa wa dunia mara kumi mfululizo, na hapana shaka kwamba alikuwa fundi. Ndiyo hatari ya upendeleo: humchafua hata yule ambaye pengine asingeuhitaji.

Baadaye wakajaribu dawa ya pili, ambayo ni kupima kinachopimika. Kwa miaka mingi sehemu kubwa ya alama ilitokana na michoro ya lazima: mchezaji alichora maumbo ya duara juu ya barafu, na majaji wakainama kukagua mistari. Mwaka 1972, katika Olimpiki ya Sapporo, Trixi Schuba wa Austria alishinda dhahabu kwa nguvu ya michoro hiyo ingawa katika mchezo huru alikuwa wa saba. Mmarekani Janet Lynn, aliyewasisimua watazamaji kwa uzuri wa mchezo wake, aliambulia shaba. Mstari ulikuwa umepimwa kwa haki, lakini watu walijiuliza kama kilichopimwa ndicho kilichowaleta uwanjani. Uzito wa michoro ukapunguzwa, na baada ya mwaka 1990 ikaondolewa kabisa.

Zikabaki alama mbili maarufu, kila moja ikiishia 6.0: moja ya ufundi, nyingine ya mvuto wa kisanaa. Alama hii ya pili ndiyo inayofanana na safu zangu za mavazi, ujumbe na nidhamu, na ndiyo iliyowaumiza baadhi ya wanawake kuliko wengine. Surya Bonaly, Mfaransa mweusi aliyezaliwa Nice mwaka 1973, alikuwa bingwa wa Ulaya mara tano na alishika nafasi ya pili duniani mara tatu mfululizo, kuanzia 1993 hadi 1995. Miruko yake ilikuwa ya nguvu isiyo ya kawaida. Lakini mara kwa mara aliambiwa kwamba sanaa imepungua, kwamba hana ulaini unaotakiwa. Huko Chiba, Japani, mwaka 1994, alishindwa na Yuka Sato kwa majaji watano dhidi ya wanne. Alikataa kupanda jukwaani, kisha akaivua medali shingoni. Mwaka 1998, huko Nagano, akiwa ameumia na matumaini yameisha, aliruka kinyumenyume na kutua kwa mguu mmoja, mruko uliokatazwa na kanuni. Alijua atakatwa alama, akaufanya, akamaliza wa kumi. Mwaka 2024 mruko huo uliondolewa katika orodha ya marufuku. Ulikuwa mruko uleule. Kilichobadilika ni jicho la kanuni.

Sisemi kwamba kila jaji aliyempunguzia Bonaly alama alikuwa mbaguzi. Wako wataalamu wa mchezo huo walioona kasoro za kweli katika utelezaji wake, na haki inanilazimu kulisema hilo. Ninachosema ni kwamba neno “sanaa” lilikuwa pana kiasi kwamba kasoro ya kweli na chuki ya kimya ziliweza kukaa ndani yake pamoja, na mchezaji hakuwa na njia ya kujua ni ipi iliyompunguzia alama. Ndivyo neno langu “mvuto” lilivyokuwa Nkunga.

Mfumo wa 6.0 ulianguka mwaka 2002 huko Salt Lake City, katika shindano la wachezaji wawili-wawili, baada ya jaji kutoka Ufaransa kudaiwa kushinikizwa kumpigia kura mshindani fulani. Dhahabu ya pili ikatolewa kwa wachezaji wa Kanada, na kanuni zikaandikwa upya. Mfumo mpya uliopitishwa mwaka 2004 ulitenganisha kazi mbili. Jopo moja la wataalamu hutambua tu kilichofanyika: mruko gani, mizunguko mingapi, umekamilika au haukukamilika. Majaji wengine hupima ubora wa kila kipengele kimoja kimoja, kisha hupima sifa za mchezo mzima. Fikra hiyo ni njema. Inamlazimisha mtu kuona kabla ya kupenda.

Lakini wakati huohuo walifanya jambo la ajabu: waliyaficha majina. Alama za majaji zilitangazwa bila kuonyesha ipi ni ya nani. Sababu iliyotolewa ilikuwa kuwalinda majaji dhidi ya shinikizo la vyama vya nchi zao. Ikaja Olimpiki ya Sochi mwaka 2014. Adelina Sotnikova, msichana wa Urusi akicheza kwao, alipata alama 224.59, bingwa mtetezi, Kim Yuna wa Korea Kusini, alipata 219.11. Waliomtetea Sotnikova walikuwa na hoja: aliruka miruko mingi migumu kuliko mwenzake. Waliomtetea Kim nao walikuwa na hoja: alama za Sotnikova katika safu za sanaa zilipanda ghafla hadi kukaribia za Kim, jambo ambalo mashindano ya nyuma hayakulitabiri. Korea Kusini ililalamika, malalamiko yakakataliwa. Labda matokeo yalikuwa ya haki. Balaa ni kwamba hakuna aliyeweza kuonyesha, kwa sababu hakuna jaji aliyeweza kuulizwa kama mimi nilivyoulizwa. Kinga dhidi ya shinikizo ilikuwa imegeuka kinga dhidi ya swali. Mwaka 2016 usiri huo ulifutwa.

Sasa nirudi kwenye zile alama sita. Mwaka 2004 watafiti wawili wa Kanada, Leanne Findlay na Diane Ste-Marie, walichapisha matokeo ya jaribio lao juu ya jambo hili hili. Waliwapa majaji wa kuteleza kazi ya kuwapima wachezaji wa kike, wengine wakiwa wanajulikana kwa jaji, wengine wakiwa wageni kwake. Wachezaji waliojulikana waliwekwa katika nafasi za juu zaidi. Lakini jambo lililonishtua ni safu ambayo tofauti ilijitokeza: ilijitokeza katika alama za ufundi. Sisi sote tungedhani kwamba jina hupenya kupitia sanaa, kwa kuwa sanaa haina kipimo. Kumbe lilipenya kupitia safu tunayoiamini kuwa na kipimo.

Nilipolisoma hilo nilimkumbuka mama wa Nkunga. Hakulalamikia mavazi. Alijua kwamba hawana sare, na alama 12 nilizowapa za mavazi alizipita bila neno. Alilalamikia hatua, na alikuwa sahihi kabisa. Nilipowaona wachezaji wenye jina wakipotezana miguu, akili yangu iliwatafutia udhuru: bila shaka ni bahati mbaya, hawa ni mafundi. Nilipowaona wasiojulikana wakilingana, akili yangu haikuwatafutia chochote. Upendeleo wangu haukukaa katika kile nilichokipenda. Ulikaa katika kile nilichokisamehe.

Naomba tuliangalie jambo hili nje ya ngoma, kwa sababu wengi wanaosoma ukurasa huu hawatawahi kuwa majaji wa ngoma, lakini karibu wote mtakuwa majaji wa watu. Baraza la Mitihani la Taifa humpa mtahiniwa namba badala ya jina, na ni hekima kubwa. Lakini akifika chuo kikuu, tasnifu yake ninaisoma nikimjua, nikijua ni mwanafunzi wa nani na amepata nini mwaka jana. Akienda kwenye usaili wa mahojiano, jopo linaisikia shule aliyosoma kabla halijasikia jibu lake la kwanza. Mkandarasi mwenye jina akichelewesha kazi, tunasema mvua zilikuwa nyingi. Kikundi cha wanawake kikichelewesha marejesho ya mkopo wa halmashauri, tunasema hawakopesheki. Mwanaharakati wa mjini akikosea takwimu, ameteleza. Mwanakijiji akikosea, hajui anachosema. Kila mahali jina hufanya kazi ileile: huamua kosa la nani lina udhuru.

Je, turudi kwenye uwanja na tuzo, tuachane na karatasi? Hapana. Uwanja ulimtukana Siti kwa kaniki yake, na watu wenye noti nyingi ndio wenye kura nyingi. Wala sidhani kwamba tunaweza kumpata jaji asiye na kumbukumbu. Ngoma ya Nkunga haiwezi kuchezwa nyuma ya pazia, na sanaa yenyewe hujengwa na kumbukumbu: kikundi kilichocheza miaka ishirini kina haki ya kuingia uwanjani na historia yake. Tatizo si kwamba jina lina uzito. Tatizo ni kuupakia uzito huo katika safu ya hatua, kisha kuapa kwamba ni hatua.

Historia niliyoipitia inanifundisha mambo matatu ya kawaida kabisa. Kwanza, anayehesabu kilichotokea na anayepima uzuri wake wasiwe mtu mmoja kwa wakati mmoja. Na pakikosekana watu, basi jaji aandike kwanza alichokiona, ndipo aandike alama. Pili, kila alama iwe na jina la aliyeitoa. “Kamati imeamua” ni sentensi isiyo na mtu wa kuulizwa, na utumishi wa umma umeizoea mno. Tatu, anayehukumiwa apewe haki ya kuuliza swali moja na kujibiwa kwa safu ileile aliyoiuliza. Hayo matatu hayataliondoa jina kichwani mwa jaji. Yatamnyima mahali pa kulificha.

Na kwa hukumu zinazowahusu wanawake ninaongeza la nne. Tuzikague safu zenyewe. Siku ile Nkunga vikundi vya wanawake vilikuwa na alama 30 za mavazi na nidhamu, sawa kabisa na alama za ustadi. Maana yake ni kwamba kikundi kisicho na fedha za sare kilianza kushindwa kabla ya njuga kulia. Karatasi hiyo niliikuta mezani, nikaitumia bila kuiuliza swali. Kosa hilo nalo ni langu.

Baada ya wiki kadhaa niliwaandikia waandaaji, nikaeleza kwamba alama zangu za safu ya kwanza hazikuwa za haki, na kwamba kwa hesabu niliyoirudia kwa uaminifu pengo kati ya vikundi viwili lingekuwa dogo mno, pengine lisiwepo. Nilijibiwa kwa heshima kwamba matokeo yamekwisha kutangazwa na zawadi zimekwisha kukabidhiwa. Nakala ya barua ile nilimpelekea yule mama. Vyerehani vilikuwa mjini, na ushoni wa sare za shule ambao akina mama wale walikuwa wameupanga ulisubiri.

Tangu wakati huo, ninaposahihisha kazi za wanafunzi, kila alama naiandikia sentensi moja ya sababu pembeni, na sahihi yangu chini. Kazi inachukua muda mrefu zaidi. Mara nyingine naandika sentensi, naisoma, naona haifanani na alama, nairekebisha alama. Marekebisho hayo yamekuwa mengi kuliko nilivyotegemea, na mengi yanahusu wanafunzi ambao majina yao sikuwa nimeyashika.